Nyaya za Meno: Kazi Kubwa Iko Nyumbani

Siku binti wa dada yetu alipovuliwa nyaya za meno, nyumba nzima ilikuwa imejiandaa kwa furaha. Alikuwa amezivaa kwa miaka miwili na miezi mitatu. Mamake alikuwa ametoa zamu mbili za mchezo wake wa upatu na kuuza bangili moja ya dhahabu ili kulipia matibabu hayo, na nyanyake alikuwa ameinjika pilau tangu asubuhi. Binti akarudi kutoka kwa daktari, akasimama mbele ya kioo cha sebuleni, akatabasamu. Meno yalikuwa yamenyooka, hilo halikuwa na shaka. Lakini juu ya kila jino la mbele palikuwa na doa jeupe mfano wa chokaa, limezunguka mahali kifungo cha chuma kilipokuwa kama fremu inavyozunguka picha. Akafunga kinywa chake. Pilau ililiwa, ila kicheko kilichotarajiwa hakikusikika.

Mamake alidhani kuwa hayo ni mabaki ya gundi. Alirudi kwa daktari siku iliyofuata, akaambiwa kwa upole kwamba gundi haina kosa, wala waya hauna kosa. Madoa yale ni hatua ya kwanza ya jino kuoza. Tunakisimulia kisa hiki kwa idhini yake, kwa sababu yeye mwenyewe ametuambia: laiti mtu angeniketisha chini mwaka ule wa kwanza akanieleza, nisingeliacha jambo hili mikononi mwa mtoto wa miaka kumi na mitatu.

Siku hizi si ajabu kuwaona vijana wetu, na hata mama zao, wakiwa na nyaya za meno. Wengi wetu tunapolipa gharama zake huhesabu kuwa kazi imekabidhiwa daktari. Kwa hakika daktari huyaona meno yale kwa muda mfupi tu, kila baada ya wiki nne hadi nane, akakaza waya au kuubadilisha. Siku zote zilizobaki kinywa kile kiko nyumbani kwetu, au shuleni, na waya hauna uwezo wa kujisafisha.

Ni vyema tuelewe kinachotokea. Kila kinywa kina vijidudu, na vijidudu hivyo hujenga juu ya meno utando laini unaonata, ambao wazee wetu waliuita ukoga. Tunapokula sukari au wanga, vijidudu vilivyomo ndani ya ukoga huila pia, na taka yake ni tindikali. Tindikali hiyo hunyonya madini kutoka katika gamba gumu la nje la jino. Mate nayo hufanya kazi ya kuirudisha hali, yakiipunguza tindikali na kuyarejesha madini kidogo kidogo, na kwa kawaida huhitaji nusu saa au zaidi kuimaliza kazi hiyo. Jino lisilo na waya huwa na msaada mwingine, kwani ulimi, midomo na mate hulipangusa mchana kutwa. Likishabandikwa kifungo na kupitishiwa waya, msaada huo hukatika. Chakula hunasa, ukoga hujificha pembeni mwa kifungo, hasa ile sehemu nyembamba iliyo baina ya kifungo na ufizi, na tindikali huketi hapo hapo. Gamba likipoteza madini huwa jeupe lisilo na mng'aro. Madoa hayo yanaweza kuanza kuonekana katika muda wa wiki nne tu za uchafu. Mtoto huyu alivaa nyaya kwa zaidi ya wiki mia moja.

Ufizi nao huteseka, tena mapema kuliko jino. Ukoga ukikaa shinani mwa jino, ufizi hubadilika kutoka rangi yake ya kawaida ukawa mwekundu au wa kuiva, ukavimba, ukaanza kutoa damu. Hapa ndipo makosa makubwa hufanyika majumbani. Mtoto akiona damu kwenye mswaki huogopa, na mama kwa huruma humwambia apumzike asiguse pale panapotoka damu. Kumbe damu ile ni malalamiko ya ufizi uliochoka na uchafu, na kuuacha bila kuusafisha ni kuuongezea. Ukisafishwa kwa upole lakini kwa ukamilifu, asubuhi na usiku, aghalabu hutulia ndani ya wiki moja au mbili. Usipotulia, mwone daktari bila kungoja tarehe yake. Ukiendelea kupuuzwa, ufizi huweza kufura hadi ukafunika nusu ya kifungo, na ukoga wenyewe huganda ukawa ugaga, ambao hautoki kwa mswaki wowote ila kwa vyombo vya daktari. Kuvimba kwa mwanzo kunatibika kabisa. Uharibifu ukishuka chini hadi kwenye mfupa unaoshika jino, mfupa uliopotea haurudi wenyewe.

Tungependa dada zetu watu wazima walisome hilo mara mbili. Wako wanaovaa nyaya baada ya kuolewa na kuzaa, na hakuna aibu wala kuchelewa katika hilo, madhali fizi ni nzima. Daktari mwangalifu huanza kwa kuzitibu fizi kabla ya kubandika kifungo cha kwanza, kwa sababu kulisogeza jino ambalo ufizi na mfupa wake vinaugua ni kulikaribisha kung'oka. Mwenye mimba ajue kuwa fizi zake huvimba kwa urahisi zaidi. Mwenye maradhi ya sukari, nayo yamekithiri katika nyumba zetu, ajue kuwa sukari ikipanda fizi huharibika upesi, na fizi zikiharibika sukari huwa ngumu kuidhibiti. Amwambie daktari wa meno hali yake hata kama hakuulizwa.

Sasa tuje kwenye usafishaji wenyewe, kwani hapa ndipo mamake yule binti alipojifunza upya alipomvisha nyaya binti wake mdogo. Safari hii alikataa kuondoka kwa daktari kabla hajaonyeshwa kwa vitendo.

Mswaki uwe laini, wenye kichwa kidogo. Dawa ya meno iwe na floraidi, na kwa mtoto aliyekwisha kupita miaka sita na mtu mzima inafaa iwe na kiasi cha kati ya 1,350 na 1,500. Tarakimu hiyo huandikwa kwenye pakiti karibu na herufi ppm. Floraidi ndiyo inayolisaidia gamba la jino kurudisha madini yake, na dawa zinazojisifu kuwa za mitishamba bila kuwa nayo hazitoshi kwa kinywa chenye nyaya. Kila jino husafishwa mara tatu: kwanza juu ya waya, mswaki ukiwa umeinamishwa kuelekea kwenye ufizi, kisha chini ya waya, ukiwa umeinamishwa upande wa pili, mwisho juu ya kifungo chenyewe. Mswaki usogezwe kidogo kidogo kwa miduara midogo, kwani kuuburuta huku na huko kama anayesugua sufuria hupita juu ya vifungo tu na kuacha pembe zake. Baada ya hapo ndani ya meno, kisha mahali pa kutafunia. Dakika mbili zinazotajwa kila mara ni kwa kinywa kisicho na waya. Huyu mdogo huchukua dakika tano za usiku, na mwanzo alichukua kumi akilia.

Baada ya kutema dawa, asisukutue kwa maji mengi. Jambo hili huwashangaza wengi wetu tuliolelewa kusukutua hadi ladha iishe. Floraidi inahitaji kubaki juu ya meno ili ifanye kazi, na ukiiosha umeimwaga sinkini pamoja na pesa zako.

Mswaki hata uwe mzuri vipi haufiki chini ya waya. Ziko brashi ndogo sana zenye umbo kama la brashi ya kusafishia chupa ya mtoto, ambazo hupitishwa chini ya waya baina ya kifungo na kifungo. Huuzwa kwenye maduka makubwa ya dawa, na moja huoshwa na kutumika kwa siku kadhaa hadi nywele zake zilegee. Kama hatuna budi kuchagua kitu kimoja cha kununua zaidi ya mswaki na dawa, tunasema bila kusita kiwe hicho. Uzi wa meno nao ni mzuri, ila kuupenyeza chini ya waya kwa sindano ya plastiki kunataka subira ambayo watoto wengi hawana. Dawa ya kusukutulia yenye floraidi inafaa kwa aliyekwisha kujua kutema vizuri, na itumike wakati mbali na ule wa mswaki, kwa mfano anaporudi kutoka madrasa alasiri. Zipo nyingine kali za kuua vijidudu ambazo zikitumika kwa muda mrefu hubadilisha rangi ya meno kuwa ya kahawia. Hizo zisitumike ila kwa agizo la daktari na kwa siku alizozitaja.

Je, na mswaki wa mti? Swali hili tuliulizwa na nyanya yule yule wa pilau, na linastahili jawabu la heshima. Mswaki ni sunna, na mti wenyewe una faida kwa fizi na kwa harufu ya kinywa. Mwenye nyaya asiuache. Lakini nyuzi zake zimekaa mbele kama ncha ya brashi ya rangi, hazipiti chini ya waya, na zikikatika hunasa kwenye vifungo. Autumie kabla ya swala kwa kuusugua taratibu juu ya fizi, ndani ya meno na mahali pa kutafunia, akijua kuwa usiku unabaki na kazi yake. Kusukutua wakati wa kutia udhu nako ni neema kubwa kwa mwenye nyaya, kwani mara tano kwa siku hupata nafasi ya kuyapitisha maji kwa nguvu na kuyatoa makombo. Makombo hutoka, ukoga ulionata hautoki. Mkaa uliosagwa tunaukataza kabisa, maana hukwaruza gamba la jino na unga wake mweusi hujificha nyuma ya vifungo.

Katika chakula, sisi watu wa pwani tuna mtihani wetu. Chukua mabuyu, yale mekundu yanayouzwa kwenye vipakiti nje ya kila shule. Tukimwomba adui wa nyaya za meno abuni silaha, hawezi kubuni bora zaidi: yana sukari ya kunata, yana uchachu ambao wenyewe ni tindikali, yananyonywa polepole kwa muda mrefu, na mwishoni kuna mbegu ngumu ambayo mtoto hujaribu kuivunja na badala yake kikavunjika kifungo. Binti yule mkubwa, tulikuja kugundua, alikuwa na mfuko wa mabuyu chini ya mto wake wa bweni miaka yote miwili.

Jambo ambalo wazazi hulisahau ni kuwa idadi ya nyakati hushinda wingi wa sukari. Kila anapokula kitu kitamu tindikali huanza upya, na ile nusu saa ya mate huanza upya. Kaimati kumi zilizoliwa kwa mkao mmoja ni nafuu kwa meno kuliko hizo hizo kumi zilizodonolewa moja moja hadi saa sita za usiku. Chai ya sukari iliyonywewa kwa funda moja kila robo saa hudhuru kuliko vikombe viwili vya mfululizo. Kwa hiyo halua na tende hazijaharamishwa. Ziliwe pamoja na mlo, kisha kinywa kisafishwe. Kama kilicholiwa ni kikali, kama juisi ya ukwaju au ndimu, asukutue kwa maji kwanza na angoje kiasi cha nusu saa ndipo apige mswaki, kwani gamba la jino huwa limelainika.

Vyakula vigumu navyo vina namna yake. Mahindi ya kuchoma yapukuchuliwe. Mishkaki ivutwe kijitini kwa mkono, wala si kwa meno. Muwa ukatwe vipande vidogo sana, na ikiwezekana uachwe hadi nyaya zitakapotoka. Embe bichi likatwe vipande vyembamba. Kashata za njugu, barafu ya kutafuna na bisi zisiliwe. Maganda ya bisi huingia chini ya ufizi na kuuvimbisha kwa siku kadhaa. Mbaazi kwa mahamri, wali wa nazi, samaki, ndizi na mayai havina tatizo lolote, na kwa siku tatu nne za maumivu baada ya waya kukazwa, uji na viazi vya rojo hutosha. Popoo na tambuu ya uraibu ni mbaya kwa kinywa chochote, seuze chenye nyaya.

Mwezi wa Ramadhani unataka mpango wake. Mchana mate hupungua na kinywa hukauka, hivyo ukoga uliobaki tangu daku hukaa bila kupanguswa hadi magharibi. Wengi wetu pwani ni wa madhehebu ya Shafi, na katika madhehebu hayo maulamaa wamehesabu kupiga mswaki kwa aliyefunga baada ya jua kupinduka kuwa ni makuruhu. Basi uzito wote uwekwe kwenye nyakati mbili: baada ya daku, kabla ya adhana ya alfajiri, na usiku baada ya kumaliza kula. Kizungumkuti chetu ni kule kula kusikokwisha, kutoka futari hadi baada ya tarawehe hadi tambi za saa tano. Dada yetu aliweka saa moja ya kufunga jiko. Baada ya hapo ni maji tu. Nyumba ililalamika kwa siku mbili. Miadi ya kukazwa waya alisogeza ikawa wiki moja kabla ya mwezi kuandama, ili mtoto asianze saumu na maumivu. Kama kuna masuala ya fikhi yanayokukera, kama vile matibabu ya meno mchana wa saumu, muulize sheikh wako mapema badala ya kuacha kwenda.

Na kwa kuwa tumetaja fikhi: wapo wanaouliza kama kunyoosha meno si kubadilisha maumbile. Masheikh wengi hutofautisha baina ya kutibu kasoro inayomzuia mtu kutafuna, kutamka au kujisafisha, na kuyachonga meno yaliyo mazima kwa ajili ya urembo. Kila mtu na hali yake, naye aulize. Tutaongeza dogo letu tu. Mwanya, ambao mabibi zetu waliusifu kwa vizazi, si ugonjwa. Nyanya yule alipoandamana na mjukuu wake mdogo kwa daktari alitamka mapema, kabla hajaketi, kwamba mwanya wa mbele usizibwe. Daktari alicheka, akapima, akakubali kuubakisha. Maneno kama haya yasemwe mwanzo, kwani meno yakishasogea ni taabu kuyarudisha.

Waya ukichoma shavu, kuna nta maalumu ya kubandika juu ya ncha, na maji ya uvuguvugu yenye chumvi hutuliza kidonda. Kifungo kikilegea mpigie daktari siku hiyo hiyo. Usikate waya kwa mkasi wa kucha. Anayesoma bweni apewe kipochi chake: mswaki, dawa, brashi ndogo, nta, na kioo kidogo. Kioo ndicho kinachosahaulika, na bila kioo hakuna anachokiona. Tena mzazi azungumze na mwalimu wa bweni ili mtoto aruhusiwe dakika chache za ziada kabla ya taa kuzimwa. Binti yule mkubwa alikuwa akipiga mswaki gizani, kwenye foleni, wenzake wakimharakisha. Alituambia haya baada ya nyaya kutoka. Hatukuwahi kumuuliza.

Nyaya zikitoka kazi haijaisha, kwa sababu meno hupenda kurudi yalikotoka, na daktari hutoa kishikizo cha kuvaa usiku kwa muda mrefu, pengine miaka. Nacho huoshwa kwa mswaki na maji ya baridi. Maji ya moto huikunja plastiki yake.

Ama madoa ya binti mkubwa, daktari alimwandikia dawa yenye floraidi nyingi zaidi na kumtaka awe na subira. Baada ya miezi kadhaa yale membamba yamefifia hadi huyaoni usipoelekezwa. Mawili yaliyo kwenye meno ya chonge yamebaki, na jino moja la nyuma limezibwa. Sasa yuko kidato cha nne. Akiwa likizoni, kila usiku baada ya isha husimama na mdogo wake mbele ya sinki akiwa ameshika tochi ya simu. Mdogo akimaliza humtanulia mdomo, na mkubwa hukagua jino kwa jino, juu ya waya, kisha chini ya waya. Juzi tulimsikia kutoka ukumbini akisema, "La, hapa bado. Rudia." Mdogo akanung'unika, akafungua tena bomba la maji.